Nani Ana Kwao? Filamu, Sanaa na Boma la Ufuo wa Ziwa

Barabara inayotoka Ndori kuingia rasi ya Uyoma inaishia kwenye maji ya Ziwa Viktoria, Luanda Kotieno. Anayetaka kufika Mbita, ng'ambo ya mlango wa ghuba, hupanda feri, na feri hubeba kila kitu: magari, pikipiki, magunia ya omena, kreti za soda, wanafunzi na masanduku yao ya chuma na, mwishoni mwa wiki, gari la maiti. Jeneza limesafiri usiku kucha kutoka Nairobi au Nakuru, na waombolezaji walio nyuma yake wamekaukwa na sauti kwa kuimba. Huenda marehemu aliishi mjini miaka arobaini, akajenga huko, akasomesha watoto wasioijua vyema lugha ya babu yao. Hata hivyo hakuna aliyepoteza muda kuuliza atazikwa wapi. Anapelekwa kwao.

Mhadhara huu unahusu filamu na sanaa zinazoitazama jamii kwa jicho kavu, na namna zinavyolishughulikia suala la nyumbani. Ungeweza kuanzia Nairobi, kwenye kumbi za maonyesho na studio za wachoraji. Umeanzia Uyoma kwa sababu katika ufuo huu nyumbani ni jambo lenye kanuni, mipaka na adhabu, na msanii anayetafuta pa kushika hapati pazuri zaidi ya hapo. Mapenzi ya mtu kwa kijiji chake, hata yakiwa makubwa namna gani, hayatoshi kubeba filamu. Filamu hupata nguvu inapouliza ni nani aliyepewa ruhusa ya kuita mahali kwake, nani aliitoa ruhusa hiyo, na nani amebaki nje ya lango.

Swali hilo Kenya iliwahi kulitazama likiigizwa kwa miezi mitano, bila kamera wala mkurugenzi. Tarehe 20 Desemba 1986, wakili Silvano Melea Otieno, ambaye nchi nzima ilimjua kwa herufi mbili tu, SM, alifariki. Mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, aliyewahi kuwa upande wa Mau Mau na aliyetoka katika ukoo wa Waiyaki wa Hinga, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, katika shamba lao. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na kaka wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na Omolo Siranga, ukasema hapana: Mjaluo huzikwa kwao, na kwa SM palikuwa Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari huku kesi ikipanda na kushuka ngazi za mahakama.

Magazeti yalichapa ushahidi karibu neno kwa neno, na watu waliugombania kila asubuhi. Wahusika walitosha tamthilia kubwa. Palikuwa na watoto walioeleza kuwa baba yao alikuwa mtu wa Shakespeare zaidi ya mtu wa mila. Palikuwa na mchimba kaburi kutoka kijijini, aliyesimulia alivyoambiwa na SM mwenyewe kwamba siku yake ikifika atamchimbia yeye. Palikuwa na mwanafalsafa Henry Odera Oruka, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeitwa kizimbani kueleza mila na imani za Wajaluo juu ya kifo. Na kati ya Wakili John Khaminwa wa upande wa mjane na Wakili Richard Kwach wa upande wa ukoo ikabaki hoja moja nzito: nyumba ya Lang'ata, yenye vitanda, vitabu na watoto waliolelewa humo, je, inatosha kuwa kwao? Jaji S. E. O. Bosire aliona haitoshi. Mahakama ya Rufaa ilimuunga mkono Mei 1987, na tarehe 23 mwezi huo SM akazikwa Nyalgunga. Wambui hakuhudhuria.

Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima kuhusu mazishi hayo, *Burying SM*, kilichotoka 1992. Kinachomhusu msanii katika kisa hiki ni kwamba pande zote mbili zilimpenda marehemu, au angalau kila upande ulidai hivyo, na mapenzi hayakutatua chochote. Nyumbani kulikuwa suala la mamlaka. Mtu alikuwa ameishi miaka zaidi ya hamsini, amesoma sheria, ametetea wengine kortini, na bado mahali pake pa mwisho palikuja kuamuliwa na watu waliosimama mbele ya jaji wakiapa.

Anayetaka kuona mamlaka hayo yalivyopangwa juu ya ardhi aende Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Nyuma ya majengo kuna boma zima lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, liitwalo Ber-gi-dala, kwa ufadhili wa UNESCO. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango. Nyumba za wake wadogo ziko upande huu na upande ule. Pana ghala la nafaka na zizi, na karibu na lango pana nyumba ya mtoto wa kwanza wa kiume, simba yake. Maelezo yanamweleza mgeni jinsi boma jipya linavyoanzishwa: baba hutoka alfajiri na mwanawe mkubwa na mke wake wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Kila mmoja ana anachobeba, na asiyekuwapo hujaziwa nafasi yake kwa taratibu zinazojulikana.

Ni onyesho zuri, na linafundisha. Lakini ukizunguka humo mara moja kwa makini utagundua kwamba binti hana pa kulala palipo pake. Kaka yake anajengewa simba. Yeye anasubiriwa aolewe. Akifa kabla ya kuolewa, mila ya wengi ilimzika nje ya ua. Zamani wasichana walilala siwindhe, kwa bibi, na huko ndiko hadithi, vitendawili na mashairi ya jamii yalikofundishwa usiku baada ya usiku. Yaani waliokosa nafasi katika ramani ya boma ndio walioshinda katika nyumba ya masimulizi. Mwandishi wa mhadhara huu haoni kuwa ni bahati mbaya kwamba riwaya ya kwanza ya mwanamke iliyotolewa na East African Publishing House, mwaka 1966, iliandikwa na binti wa Asembo, Grace Ogot, wala kwamba filamu nyingi za Kenya zinazoisumbua dhana ya nyumbani zimeongozwa na wanawake.

Mmojawapo si Mkenya. Branwen Okpako, mwenye asili ya Nigeria na Wales, alisoma chuo cha filamu Berlin pamoja na Auma Obama, na mwaka 2011 akatoa filamu inayomhusu mwenzake, *The Education of Auma Obama*. Mahali pake ni Kogelo, Siaya, siku za mwisho kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008. Boma la Mama Sarah, bibi wa familia ya Obama, limejaa waandishi wa habari wa dunia nzima. Kuna antena, kuna nyaya, kuna viti vya plastiki vya kukodi, na makaburi mawili uani, la mzee Hussein Onyango na la mwanawe Barack, baba wa Auma na wa mgombea Barack Obama. Kamera za wageni zimekuja kumtafuta mwana wa kiume aliyekwenda mbali. Kamera ya Okpako inageuka upande mwingine na kumtazama binti aliyerudi.

Auma alikwenda Ujerumani kusoma, akapata shahada ya uzamivu, akaishi Ulaya, kisha akarejea Kenya kufanya kazi na vijana. Kwa kipimo cha boma la makumbusho, hana pembe yake. Katika filamu anapita humo humo akiwapanga wageni, akijibu simu na kubishana na ndugu, na taratibu mtazamaji anaanza kuona kwamba boma hilo linaendeshwa na wanawake. Okpako hatoi hotuba juu ya jambo hilo. Anaacha kamera ikae uani muda mrefu kuliko mtangazaji yeyote wa televisheni angeruhusu, na kukaa huko ndiko kunakofanya kazi. Waandishi waliokuja kwa habari ya siku moja waliondoka na picha za bibi akicheka. Okpako aliondoka na familia.

Jirani na hapo, katika Kaunti ya Kisumu, ndiko kwao Lupita Nyong'o, ingawa alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Watu wanamkumbuka kwa tuzo ya Oscar. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 2009 aliongoza filamu ya hali halisi, *In My Genes*, juu ya Wakenya wenye ualbino. Haijitangazi kuwa filamu ya nyumbani, lakini ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kuzaliwa ndani ya boma, akapewa jina la babu, na bado majirani, pengine hata baba, wakamtazama kama mgeni aliyekosea njia. Kuwa na damu ya ukoo, kitu ambacho mahakama ya 1987 ilikipa uzito wote, hapa hakumsaidii mtu hata kidogo.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufika Kilifi. *The Letter*, filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyotoka 2019 na kuiwakilisha Kenya katika mchujo wa Oscar, inamfuata Karisa, kijana wa Mombasa anayegundua kupitia Facebook kwamba bibi yake kijijini ameshutumiwa kuwa mchawi. Wanaomshutumu si maadui kutoka mbali. Ni watu wa familia. Karisa anafunga safari kwenda kuona kulikoni.

Filamu hii inastahili kutazamwa polepole, hasa na watu wa ziwani wanaodhani mambo hayo ni ya Wamijikenda peke yao. Bibi huyo ni mkulima, yuko katika miaka ya tisini, na jembe bado halijamshinda. Anainama shambani, anachomoa magugu, anatembea kwa hatua zisizokuwa na haraka. Kamera inamsindikiza bila kumsukuma. Kadiri inavyomsindikiza ndivyo chanzo cha tuhuma kinavyoonekana chini ya miguu yake: ni ardhi. Mwenye umri mkubwa anayeendelea kuishi anachelewesha urithi. Uchawi unakuwa lugha ya heshima ya kusema jambo lisilo la heshima. Lekow, ambaye pia ni mwanamuziki, pamoja na mwenzake wangeweza kutengeneza filamu ya kutisha. Mauaji ya wazee wanaoshutumiwa uchawi katika pwani ya Kenya yameripotiwa miaka na miaka. Walichagua vikao vya familia badala yake, ambamo shangazi wanasema wazi kile ambacho wanaume wanakizunguka, maombi yanageuka ugomvi, na ugomvi unageuka maombi. Kinachoumiza ni kwamba wote waliomo wana haki ya kuketi pale. Ni kwao wote.

Peter Murimi alichukua njia inayofanana na hiyo katika *I Am Samuel* ya 2020. Kwa miaka mitano alimfuata Samuel, kijana aliyekulia shambani magharibi mwa Kenya, mtoto wa mhubiri, anayeishi Nairobi na mpenzi wake wa kiume. Wazazi wanamngoja aoe. Nusu ya filamu ni mjini, ambako hatari ni ya kupigwa barabarani. Nusu nyingine ni kijijini, na huko hatari ni ya namna nyingine kabisa: ni mama anayekupakulia chakula huku akikuuliza lini. Murimi anafanikiwa kwa kutowafanya wazazi kuwa wabaya. Baba anapenda mwanawe, anapenda Biblia yake, na hajui afanye nini na vyote viwili kwa pamoja.

Septemba 2021 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, kama ilivyokuwa imeifanyia *Rafiki* ya Wanuri Kahiu mwaka 2018. *Rafiki* ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na mahakama ilifungua mlango kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo, kumbi za Nairobi zikajaa. *I Am Samuel* haikupata hata siku saba. Sheria inayotumika, Sura ya 222 juu ya filamu na michezo ya jukwaani, mizizi yake ni ya siku za mwisho za ukoloni. Kwa hiyo wakulima wa magharibi mwa Kenya, watu ambao wangeitambua ile ngazi ya nyumba, ile sauti ya mvua juu ya mabati na lile swali la mama, ndio hasa ambao hawawezi kuonyeshwa filamu hiyo hadharani. Anayeishi London anaweza.

Hadi hapa nyumbani kumekuwa kwa familia na ukoo. Kuna pia nyumbani kunakochomwa na majirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Judy Kibinge alikabili jambo hilo katika *Something Necessary*, 2013. Anne amempoteza mume, mwanawe amejeruhiwa, na nyumba yao ya shambani imebaki kuta nyeusi. Anataka kujenga upya. Upande wa pili yuko Joseph, kijana aliyekuwa katika genge, ambaye hatia inamvuta kuelekea kwa mwanamke huyohuyo. Kibinge anatumia muda mwingi kwenye kazi ya ujenzi yenyewe, na uamuzi huo ni wa busara. Mtazamaji anaona kwamba kujenga tena palepale, mbele ya macho ya waliochoma, ni kauli ya kisiasa hata kama anayejenga hataki siasa.

Lakini upo upande ambao sinema ya Kenya haijauangalia vya kutosha, nao unahusu ufuo huu moja kwa moja. Januari na Februari 2008 mabasi na malori yaliingia Kisumu yakiwa yamebeba Wajaluo waliofukuzwa Naivasha, Nakuru na sehemu za Mkoa wa Kati. Waliambiwa wamerudi kwao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa kwenye mashamba ya maua, kambi za reli na mitaa ya wafanyakazi. Watoto waliongea Kiswahili cha Naivasha na kucheka kwa Kikuyu. Kijijini walipewa kona kwa baba mdogo, shamba la kugawana na watu ambao hawakuwatarajia, na ndani ya mwaka mmoja maneno yakaanza. Serikali iliwahesabu kama waliopokewa na jamaa, na wengi walilalamika kwa miaka kuwa msaada uliwafikia zaidi waliokuwa kambini. Hawakuwa na hema la kupigwa picha. Mtu aliyepelekwa kwao kwa nguvu ni mhusika ambaye mwandishi yeyote wa filamu angemtamani, na bado watu hao wako Kisumu, Siaya na Homa Bay, wamezeeka kidogo, wakingoja mtu aje na kinasa sauti.

Gor Soudan, msanii mzaliwa wa Kisumu, aliliendea jambo hilo kwa mkono mwingine. Tairi linapochomwa barabarani siku ya maandamano, mpira huungua na waya wa chuma uliokuwa ndani hubaki, mwekundu kwa kutu, umejikunja. Soudan aliokota waya huo na kuusuka kuwa maumbo. Ukisogea karibu unaona masizi bado yapo. Mkazi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, hahitaji maelezo ya ukutani kuelewa waya huo umetoka wapi. Amewahi kuruka juu yake akienda kazini. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, naye huchora juu ya lubugo, gome la mti linalopondwa Uganda na ambalo Waganda wamelitumia tangu zamani kuvisha maiti. Picha zake za mikutano ya uchaguzi wa Kenya zinakuwa zimechorwa juu ya sanda. Jambo hilo lina ukali ambao watazamaji wengi wa Ulaya huupita wakisifia rangi.

Kuna filamu nyepesi zaidi inayowafaa watoto wa mjini ambao ziwa wamelisikia tu. *Soul Boy* ya 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora, inamhusu Abila, mvulana wa Kibera, ambaye baba yake ameibiwa roho. Aliyeiiba ni Nyawawa, naye anampa kijana kazi saba za kutimiza. Watu wa ziwani wanamjua Nyawawa kwa namna nyingine: ni pepo wapitao usiku kandokando ya maji, na kila kijiji hupiga sufuria, madebe na mabati ili wapite waende kwingine. Mwaka 2020, siku za mwanzo za korona, vijiji vya Siaya, Kisumu na Homa Bay viliamka usiku kupiga sufuria kwa kelele kubwa, ugonjwa ufukuzwe ziwani. Essuman na Kahora walielewa kwamba mtoto wa Kibera amerithi ufuo ambao hajaukanyaga. Filamu haimcheki wala haimpi somo la utamaduni. Inamkimbiza kwenye vichochoro na muda unamwishia.

Mwaka huohuo wa 2020 ziwa nalo lilifukuza watu. Mei maji yalivuka rekodi ya mwaka 1964, na kwenye fuo na mabonde ya chini, kuanzia Nyando hadi visiwani, familia zilihamia shuleni na makanisani. Na kabla ya maji kulikuwa na mabuldoza: mapema Februari, maelfu ya watu wa jamii ya Wanubi walibomolewa nyumba Kibos, Kisumu, ili kupisha ardhi ya reli. Mababu zao waliletwa na Waingereza kama wanajeshi kutoka Sudan. Mpiga picha Greg Constantine alikuwa ametoa kitabu cha picha juu ya Wanubi wa Kenya mwaka 2011, akiweka picha zake kando ya picha za kale zilizotunzwa na familia zenyewe: harusi, sare za jeshi, wazee wenye kofia. Mwaka huohuo kamati ya Afrika ya haki za watoto iliona kuwa Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Picha ya babu mwenye nishani, ikitolewa kwenye bahasha na kuwekwa mezani mbele ya ofisa wa vitambulisho, ni sanaa iliyogeuzwa hati. Kitabu cha Constantine kinajua hivyo, na ndiyo sababu kina thamani kuliko albamu nyingi zenye mwanga mzuri zaidi.

Ziwa hilihili, upande wa Uganda, limo pia katika *Mississippi Masala* ya Mira Nair, 1991, juu ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Miaka mingi baadaye baba, Jay, bado anaandika barua za kudai nyumba yake ya Kampala mahakamani. Nair alipokuwa akiitayarisha filamu hiyo alikutana na msomi Mahmood Mamdani, aliyekuwa mmoja wa waliofukuzwa, wakaoana, na baadaye Nair alianzisha Maisha Film Lab, inayofundisha vijana wa Afrika Mashariki utengenezaji wa filamu. Mkataba wa nyumba ya Jay una mihuri yote. SM hakuwa na nyumba Nyalgunga, ila ukoo. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikosa, na hakuna aliyeamua mwenyewe.

Tofauti na hao, *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, 2004, ilikuja Mwanza ikiwa na dhamira kubwa na macho yaliyoegemea upande mmoja. Filamu inaeleza biashara ya sangara, ndege za mizigo na umaskini uliobaki ufuoni, na iliteuliwa kuwania Oscar. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Rais wa Tanzania, aliikemea hadharani mwaka 2006. Serikali ilikuwa na sababu zake, si zote za kuaminika. Ila lawama moja ya watu wa Mwanza inasimama: mtazamaji hutoka ukumbini akijua wanavyokufa, hajui wanavyoishi. Hakuna anayeonekana kuwa na kwao. Dhamiri ya kijamii pasipo boma hugeuka utalii wa huzuni.

Kazi iliyo tayari kabisa kuchukuliwa na kamera ni ile ya Ogot. *The Promised Land* inawafuata Ochola na mkewe Nyapol wanaoondoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na utajiri. Ochola ndiye mwenye ndoto. Nyapol hataki kwenda, anaondoka kwa sababu ni mke. Wanafanikiwa, na mafanikio yenyewe yanamchokoza jirani, mzee mwenye dawa, na mwili wa Ochola unaota miiba. Hospitali inashindwa. Mganga anayemponya anamtaka arudi kwao, akiacha kila alichokichuma. Waigizaji wapo Kisumu, mashua zipo Uyoma, na safari ya Wajaluo kuvuka kwenda upande wa Musoma si historia iliyokufa. Kuna familia zenye makaburi pande zote mbili za mpaka. Ugumu wa mwongozaji utakuwa Nyapol. Katika kitabu anaona mapema, anasema kidogo, na hakuna anayemsikiliza hadi miiba imeota. Filamu itabidi ianze naye usiku wa kabla ya kuondoka, akifunga vyombo katika nyumba ambayo kwa kanuni za boma ni ya mumewe, akichagua chungu kipi kiende na kipi kibaki.